Mwali wa Fagaloa na Tanga la Nguo: Uhakiki wa Picha Mbili za John La Farge

Katika mafunzo ya itikadi tumezoea kuchambua hotuba, mikataba na hesabu za biashara. Picha tunaziacha. Kada anayeweza kueleza kwa saa nzima Mkutano wa Berlin wa 1884–85 hupotewa na maneno akiwekewa mbele yake picha ya rangi iliyochorwa na mgeni katika nchi iliyokuwa ikigawanywa wakati huohuo. Atasema ni nzuri, au atasema ni ya aibu, kisha atafunga mjadala. Huu ni upungufu mkubwa, kwa sababu watu wengi wa Ulaya na Marekani hawakusoma mikataba. Waliona picha, na kwa picha wakaamini kwamba wanazijua nchi ambazo serikali zao zilikuwa zikizimeza.

Tumechagua kuhakiki kazi mbili za mchoraji Mmarekani John La Farge, zote mbili za mwanamke wa Samoa. Ya kwanza ilitokana moja kwa moja na safari yake ya 1890–91, na jina lake, likitafsiriwa, ni refu: Picha ya Faase, Taupo, au Bikira Rasmi, wa Ghuba ya Fagaloa, pamoja na Mlezi Wake, Samoa. Ya pili ni ya 1895–96, wakati mchoraji amekwisha kurudi kwao. Inaonyesha msichana kwenye omo ya mtumbwi, akiivua nguo yake na kuitandaza iwe tanga. Hiyo ya pili hujulikana pia kwa jina fupi, Fayaway. Mchoraji ni yuleyule, na nchi inayotajwa ni ileile. Lakini kati ya picha hizo mbili mwanamke amepoteza kitu, na kazi ya uhakiki huu ni kuonyesha amepoteza nini, na nani alifaidika.

Kwanza tumweke mchoraji mahali pake katika jamii. La Farge alizaliwa New York mwaka 1835 katika familia yenye mali iliyotoka Ufaransa. Alikuwa fundi mkubwa wa vioo vya rangi vya madirisha, na alipamba kuta za Kanisa la Utatu huko Boston katika miaka ya 1870. Wateja wake walikuwa makanisa ya wenye nacho na majumba ya matajiri kama akina Vanderbilt. Mwenzake wa safari, Henry Adams, alikuwa mwanahistoria, mjukuu na kitukuu wa Marais wawili wa Marekani. Walikuwa wamekwenda pamoja Japani mwaka 1886. Mwaka 1890 waliondoka San Francisco kwa meli, wakapitia Hawaii, wakafika Samoa mwezi Oktoba, na wakaa huko miezi kadhaa kabla ya kwenda Tahiti na Fiji. Tahiti waliondoka siku chache tu kabla Paul Gauguin hajashuka pwani mwezi Juni 1891. Gauguin ndiye aliyepata sifa ya dunia kwa wanawake wa bahari ile. La Farge alimtangulia, na leo wachache wanalikumbuka jina lake.

Watu hawa hawakuwa maofisa wa dola. Hawakupewa kazi ya kupandisha bendera. Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo picha zao ziko nje ya siasa, na kwamba kuzichambua kwa macho ya ubeberu ni kumwonea msanii. Hoja hiyo tuijibu kwa kutazama hali ya Samoa yenyewe walipofika.

Dola tatu zilikuwa zimeikaba nchi ile: Ujerumani, Uingereza na Marekani. Marekani ilikuwa imejipatia haki ya kuweka kituo cha makaa ya mawe cha meli zake huko Pago Pago tangu 1878. Kampuni ya Godeffroy ya Hamburg ilikuwa imeingia tangu miaka ya 1850 kununua nazi na kuuza nje mbata, na baada ya kufilisika mashamba yake yalishikwa na kampuni nyingine kubwa ya Kijerumani. Wasamoa walipopigana wao kwa wao, wafanyabiashara waliwauzia bunduki, na malipo ya bunduki yakawa ardhi. Madai ya ardhi ya wageni yalifika zaidi ya mara mbili ya eneo lote la visiwa! Hata tume iliyoundwa na dola zenyewe iliona haya, ikayakubali kwa kiasi cha asilimia 8 tu. Lakini ndani ya asilimia hizo nane yalikuwamo mashamba bora ya minazi, na sehemu kubwa zaidi ilibaki kwa Wajerumani.

Mwaka 1887 Wajerumani walimkamata Malietoa Laupepa, wakampeleka uhamishoni hadi Kamerun na baadaye visiwa vya Marshall. Mwezi Desemba 1888 askari wao wa majini walishuka Vailele kupambana na watu wa Mata'afa Iosefo, wakapigwa. Mwezi Machi 1889 manowari za Ujerumani na Marekani zilikuwa zimejazana katika bandari ya Apia zikitishana, tufani ikaja, na manowari sita zikavunjika au kutupwa ufukoni. Mwezi Juni mwaka huo dola tatu zikatia saini huko Berlin mkataba wa kuisimamia Samoa kwa pamoja, wakamrudisha Malietoa na kumwita mfalme, huku watu wengi wakimtaka Mata'afa. Hiyo ndiyo nchi aliyoikuta La Farge miezi kumi na sita baadaye.

Tena aliikuta kwa njia gani? Yeye na Adams walikaa Vaiala, jirani na Apia, chini ya uangalizi wa Seumanu, mkuu wa Apia. Seumanu na watu wake waliwaokoa mabaharia wa Kimarekani katika ile tufani, na Serikali ya Marekani ikampa zawadi ya mashua. Kwa mashua hiyohiyo, wakifuatana na balozi mdogo wa Marekani, Harold Sewall, wageni wetu walizunguka vijiji vya Upolu na Savai'i. Wasamoa huuita msafara wa namna hiyo malaga: watu wa heshima huenda kijiji hadi kijiji, hupokewa kwa kinywaji cha ava, chakula, hotuba na ngoma. Mjukuu wa Rais, balozi mdogo, na mtu wa tatu mwenye kisanduku cha rangi. Machifu waliowapokea hawakuwa wajinga. Walikuwa wakitafuta rafiki katika dola moja dhidi ya dola nyingine. Kila ngoma waliyochezewa wageni wale ilikuwa pia maombi ya kisiasa, na mwanamke aliyeongoza ngoma hiyo alikuwa mjumbe.

Hapo ndipo tunamfikia Faase.

Taupo (Wasamoa huandika taupou) ni binti wa mkuu wa kijiji aliyepewa cheo. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja mwali, na kweli kuna kufanana: binti hulindwa, hufuatwa na mtu mzima wa kike kila aendako, ubikira wake ni heshima ya ukoo. Lakini tusikimbilie kufananisha. Mwali wetu husubiri kutoka ndani ili aingie katika maisha ya watu wazima. Taupou yuko nje, mbele ya watu wote, na yumo kazini. Ndiye anayechanganya ava mbele ya wageni, ndiye anayeongoza ngoma ya siva, ndiye kiongozi wa aualuma, yaani chama cha mabinti wa kijiji. Siku kubwa huvaa tuiga, kilemba kirefu kilichotengenezwa kwa nywele za binadamu na magamba ya pwani. Ndoa yake ni mkataba kati ya koo, na katika mkataba huo hubadilishwa mali iliyo juu kuliko mali nyingine zote za Samoa: mikeka laini iitwayo 'ie toga.

Mikeka hiyo husukwa na wanawake kwa majani ya mmea wa jamii ya mkadi, yaliyochanwa nyuzi nyembamba mno, na mkeka mmoja huweza kuchukua miezi mingi, hata miaka. Ni kazi ya mikono ya wanawake, na ndiyo iliyokuwa hazina ya nchi. Mkuu asiye na mikeka hana ukuu wa kuonyesha. Kwa hiyo mwanamke wa Samoa hakuwa pambo la uchumi. Alikuwa mzalishaji wa kile kilichotumika kufunga ndoa, kulipa fidia, kusimika vyeo na kumaliza vita. Hatusemi kwamba jamii ile ilikuwa ya usawa. Ilikuwa na makabaila wake, na binti aliyeozwa kwa ajili ya siasa ya wazee hakuulizwa sana anampenda nani. Lakini ukandamizaji huo ulikuwa na sura yake, na mwanamke alikuwa na nafasi yake ndani yake. Mhakiki lazima avione vyote viwili.

Sasa tuitazame picha ya Faase kwa haki. Jambo la kwanza la kusifiwa ni kwamba mwanamke ana jina. Katika maelfu ya picha zilizochorwa na kupigwa na Wazungu katika nchi zetu na za wengine karne ile, mtu huitwa "msichana wa pwani", "mwanamke wa kabila fulani", "mzuri wa visiwani". Hapa tunaambiwa jina lake, cheo chake na mahali pake. Fagaloa ni ghuba halisi kaskazini-mashariki ya Upolu. Mtu anaweza kwenda. Jambo la pili ni yule mlezi. Mchoraji angeweza kumwondoa. Angebaki na msichana peke yake, na mnunuzi wa New York angefurahi zaidi. Kwa kumwacha mama yule katika picha, La Farge amekiri kwamba binti huyu yuko chini ya sheria za watu wake na kwamba mtazamaji naye anatazamwa. Hiyo ndiyo maana hasa ya kuitwa picha ya sura ya mtu: mtu anayekaa mbele ya mchoraji ana nafasi katika jamii, na nafasi hiyo imeheshimiwa kiasi fulani.

Tunasema kiasi fulani kwa sababu jina la picha lina ndimi mbili. Mchoraji ametaja cheo cha Kisamoa, kisha akakifasiri kwa wasomaji wake kuwa "bikira rasmi". Ni kweli ubikira ulihusika. Lakini kati ya kazi zote za taupou, yaani kuongoza wanawake, kupokea wajumbe, kuchanganya ava, kusimama kama ishara ya mapatano, fasiri imechagua moja, ile inayomchekesha mwanamume wa mjini aliyekaa kwenye kiti cha kuzungushwa. Na mlezi ameitwa kwa neno la Kihispania linalotumika kwa wanawake wazee waliolinda mabinti wa matajiri wa Ulaya. Cheo cha kisiasa kimegeuzwa kuwa mambo ya chumbani. Hivyo ndivyo kasumba inavyofanya kazi mara nyingi: haisemi uongo mtupu, huchukua kweli moja ndogo na kuiweka mahali pa kweli kubwa.

Hata hivyo picha ya Faase ina mizizi. Picha ya pili imekatwa mizizi yote.

Fayaway si jina la mwanamke wa Samoa. Si jina la mtu yeyote aliyekutana na La Farge. Ni jina la msichana katika kitabu cha Herman Melville, Typee, kilichotoka mwaka 1846, ambacho habari zake ni za kisiwa cha Nuku Hiva katika Marquesas, zaidi ya kilomita 3,000 mashariki ya Samoa. Katika kitabu hicho msichana husimama ndani ya mtumbwi, huvua nguo yake ya gome la mti na kuitandaza kwa upepo, na baharia msimulizi hufurahi. La Farge alisoma habari hiyo kama walivyosoma Wamarekani wa kizazi chake. Karibu nusu karne baada ya kitabu, na miaka minne au mitano baada ya safari, alikaa kazini kwake na kuchora msichana yuleyule wa kitabu, kisha chini yake yakaandikwa maneno ya Samoa.

Msomaji apime uzito wa jambo hili. Mtu amekaa Samoa miezi kadhaa. Amekunywa ava kwa mikono ya taupou. Ametembea na machifu, amezungumza na Mata'afa mwenyewe. Amerudi na madaftari ya michoro, na safarini walikuwa na kamera. Halafu anapotaka kuwapa watu wake picha ya kukumbukwa, anayaweka yote hayo kando na kuchukua msichana wa kubuni wa nchi nyingine. Kwa nini? Si kwa upungufu wa kipaji. Ni kwa sababu soko lilikuwa limekwisha kumwagiza. Mwaka 1895 La Farge alionyesha kazi zake za safari katika jumba la Durand-Ruel huko New York, na wanunuzi walikuja wakiwa na Melville kichwani. Faase aliwaomba wajifunze jambo. Fayaway aliwarudishia walichokwisha kukijua.

Kisha kuna lile tanga. Kwa watu wa majahazi na ngalawa hapa hapahitaji maelezo marefu. Mfaransa Bougainville alipopita mwaka 1768 alishangazwa mno na wepesi wa vyombo vya Wasamoa hata akaviita visiwa vile Visiwa vya Mabaharia, na jina hilo likakaa katika ramani za Wazungu kwa miaka mingi. Wasamoa walikuwa na mitumbwi ya aina nyingi, na vyombo vikubwa viwili vilivyofungwa pamoja vyenye tanga la mkeka, vya kwenda Tonga na Fiji. Tanga ni elimu: kulisuka, kulikata, kulifunga, kujua upepo wa msimu. Katika picha ya Fayaway elimu hiyo yote imetoweka. Tanga limekuwa nguo ya msichana, chombo kimekuwa mchezo, na taifa la mabaharia limekuwa mtoto anayecheza na upepo. Walioichukua bahari ya Pasifiki kwa meli za mvuke walipendezwa sana kuambiwa kwamba wenyeji wake husafiri kwa kanga!

Tulipowaonyesha wanafunzi wetu nakala ya picha hii darasa liligawanyika pande mbili, na mgawanyiko ule unafaa kuelezwa kwa sababu hutokea kila mahali. Wengine walisema: ni kazi nzuri, rangi zake zinang'aa, sanaa isihukumiwe kwa siasa. Wengine walisema: ni uchafu, mwanamke yuko uchi, picha za namna hii zisionyeshwe kwa vijana.

Kwa upande wa kwanza, hatuoni haya kukubali kwamba rangi ni nzuri. La Farge aliujua mwanga kuliko wachoraji wengi wa nchi yake. Fundi wa vioo huona rangi kama kitu kinachopitisha jua, na katika kazi zake za rangi za maji vivuli si vyeusi. Vina kijani, samawati na zambarau ndani yake. Mwanafunzi wa sanaa akajifunze hapo. Lakini ustadi ni chombo, nacho kilitumika kuingiza habari fulani vichwani mwa watu. Kadiri ustadi unavyokuwa mkubwa ndivyo habari inavyoingia bila kubisha hodi.

Upande wa pili unahitaji jibu kali zaidi, kwa sababu unajiona kuwa wa kimapinduzi na sio. Wamisionari wa London walioingia Samoa mwaka 1830 walisema manenohaya haya: mwili ni aibu, ngoma ya usiku ni dhambi, nguo ya gome la mti ni ushenzi. Waumini waliocheza siva walitengwa na kanisa. Mwanamke wa Samoa alibanwa kati ya Wazungu wa aina mbili, mmoja akimtaka avae gauni refu la kitambaa kilichotoka viwandani Ulaya, mwingine akimtaka avue kila kitu ili apate mchoro. Hakuna kati yao aliyemuuliza habari za mikeka. Mabishano yao yalikuwa juu ya mwili wake, na wakati wakibishana kampuni ilikuwa ikipima ardhi. Kada anayelaumu picha ya Fayaway kwa sababu ya uchi peke yake amejiunga na upande mmoja wa ugomvi huo bila kujua.

Kosa la picha ni kwamba imemwondoa mwanamke katika historia. La Farge na Adams walipenda kusema kwamba Wasamoa wanafanana na Wagiriki wa kale, kwamba kuwaona ni kama kuona sanamu zimepata uhai. Ni sifa, na ilisemwa kwa moyo safi. Lakini anayefananishwa na sanamu ya miaka elfu mbili na zaidi amekwisha kutolewa katika mwaka wa 1890. Hana bandari, hana mkataba, hana deni, hana bunduki, hana madai ya ardhi. Wala hana jirani. Kilomita chache mashariki ya Vaiala lilikuwapo shamba la Vailele, palepale askari wa Kijerumani walipopigwa. Wafanyakazi wa mashamba ya namna hiyo walikuwa watu weusi walioletwa kwa mikataba ya utumwa mamboleo kutoka visiwa vya Solomon, New Britain na kwingineko, kwa sababu Wasamoa walikataa kuwa vibarua katika ardhi yao. Hao hawaonekani katika picha hizi mbili. Hawakufanana na Wagiriki.

Wala tusiambiwe kwamba msanii wa wakati ule hangeweza kuona. Mwandishi Robert Louis Stevenson aliishi Vailima, juu ya Apia. Adams na La Farge walimtembelea. Alikuwa mtu wa tabaka lao, mwandishi wa riwaya za kusisimua, naye mwaka 1892 alitoa kitabu kizima juu ya vurugu za Samoa, akazitaja kampuni, mabalozi na manowari kwa majina. Macho yalikuwapo. La Farge mwenyewe, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1912 baada ya kifo chake, anaonekana kuwa mtu aliyejali adabu na siasa za wenyeji wake kuliko picha zake za baadaye zinavyoonyesha. Alijua, lakini alichokijua hakikuuzika.

Mwaka uleule wa 1895 ndugu wawili Wajerumani, akina Marquardt, walichukua kundi la Wasamoa na kuwatembeza katika miji ya Ulaya wakionyeshwa kwa kiingilio. Mwaka uliofuata, katika maonyesho ya makoloni huko Treptow, Berlin, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni ya Ujerumani waliwekwa wazi kutazamwa, na miongoni mwao walikuwamo watu wa kwetu, Waswahili na Wamaasai. Picha ukutani na watu nyuma ya uzio ni vitu viwili tofauti, na hatutaki kumbebesha La Farge dhambi ya Marquardt. Lakini aliyelipa kiingilio alikuwa amefundishwa mahali fulani atazame nini.

Kwetu sisi kuna kiungo cha karibu zaidi, nacho ni mtu. Wilhelm Solf alikuwa jaji wa Kijerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1898. Mwaka uliofuata alipelekwa Apia. Mwaka 1899 huohuo dola tatu ziligawana Samoa, Ujerumani ikachukua visiwa vya magharibi na Marekani vya mashariki, Uingereza ikalipwa mahali pengine. Na mwaka 1900 Solf akawa gavana wa kwanza. Sera yake ilijengwa juu ya wazo kwamba Wasamoa ni watoto wazuri wa maumbile, watu wa kulindwa na kuongozwa kwa upole na baba. Hawakulazimishwa kufanya kazi mashambani. Walioletwa tangu 1903 walikuwa vibarua wa Kichina. Lakini mtoto haendeshi nchi: mwaka 1905 Solf alivunja baraza la machifu lililojaribu kusema kwa niaba ya Wasamoa, na mwaka 1909 kiongozi wa upinzani, Lauaki Namulau'ulu Mamoe, alihamishiwa Saipan. Mwaka 1905 huohuo, upande huu wa bahari, dola hiyohiyo ya Kijerumani ilikuwa ikiwachapa viboko wakulima wa kusini ya Tanganyika walime pamba, mpaka vita vya Maji Maji vikalipuka. Huko Msamoa aliitwa mtoto mzuri, huku Mwafrika aliitwa mvivu. Picha mbili za binadamu zilichorwa na mkono mmoja, na kila moja ilifuata hesabu ya mahali pake: mbata ilipatikana kwa vibarua wa kigeni, pamba ilihitaji mgongo wa mwenyeji. Kwa hiyo picha inayosifu inaweza kuwa chombo cha utawala sawasawa na picha inayotukana.

Msichana wa Samoa asiye na historia hakufa pamoja na La Farge mwaka 1910. Alirudi mwaka 1928 katika kitabu cha Mmarekani Margaret Mead, aliyefanya utafiti katika kisiwa cha Ta'u chini ya utawala wa jeshi la maji la Marekani, na Wasamoa wengi wamekilalamikia kitabu hicho hadi leo kwa jinsi kilivyozungumza juu ya mabinti zao. Alirudi katika matangazo ya hoteli na filamu. Wasamoa wenyewe wamejibu. Msanii Yuki Kihara, katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2022, alizitengeneza upya picha za Gauguin kwa kamera, akiwaweka Wasamoa wa leo, wenye majina yao, mahali pa wale wasio na majina.

Jibu lililotangulia hayo yote halikutoka kwa wasanii. New Zealand ilikuwa imeichukua Samoa ya magharibi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1914, na mwaka 1918 uzembe wake uliruhusu meli moja ilete homa ya mafua iliyoua zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano. Harakati za Mau zikaenea. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa Mau huko Apia, na Tupua Tamasese Lealofi III akauawa. Wanaume walikimbilia msituni, wakisakwa na askari wa majini. Ndipo wanawake wakaunda Mau yao, mwaka 1930, wakaandamana, wakakusanya michango, wakaendelea kushika njia za mawasiliano kati ya vijiji. Kazi hiyo hawakuianza kutoka kwenye utupu. Ilisimama juu ya vyama vya wanawake vya vijiji, na mtangulizi wake ni ile aualuma ambayo Faase wa Fagaloa alikuwa kiongozi wake wakati mgeni alipomwomba akae kitako achorwe.

Iko picha ya kamera ya viongozi wa Mau ya wanawake, ya mwaka ule wa 1930. Mmoja wao ni Ala Tamasese, mjane wa aliyeuawa. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Januari 1962, majuma matatu baada ya wetu.